UZI: Laptopu imekaa bure haina kazi yoyote lakini prosesa inasoma digrii 58, tuipozeje kupitia keneli?

ChaliiWaSakina
Wakuu habari zenu, naombeni msaada wale wa Linux. Nina laptopu ya mtumba, Core i5-6300U, RAM giga 8, kuna fundi alinipigia Linux Mint nilivyoinunua. Sijafungua kitu chochote, brauza nimefunga, skrini tupu, ila nikiandika sensors kwenye terminali inasoma 57, 58, mara 60, na feni inavuma muda wote. Na hii baridi ya Arusha ya mwezi wa saba mnaijua, chumbani kipimajoto kinasoma 19, mwenyewe nimekaa na sweta. Nishaipeleka ikafunguliwa, vumbi likapulizwa, pesti ikabadilishwa, ikashuka digrii mbili ikagoma hapo. Nikajaribu kushusha spidi, nimeweka gavana (kanuni ya kuchagua spidi) ya powersave, spidi imeenda mpaka megahezi 400 lakini joto halisogei kivile. Kuna mshkaji kaniambia inshu inaweza ikawa keneli yenyewe, ile programu ya ndani kabisa ya Linux inayoendesha vifaa, kweli keneli inaweza kuchemsha prosesa ambayo haina kazi?

Mbishi_Ngarenaro
58 ndo unalia? Hio prosesa Intel wenyewe wameipa mwisho wa 100. Tumia mashine, acha kupima pima.

DadaWaMbuyuni
Nakaa hapa nasubiri majibu. Niko Moshi, nina kompyuta za stationery zinachemka tangu asubuhi hata kabla mteja hajaingia, ila zangu ni Windows sijui kama uzi unatuhusu.

FundiKeneli
Dada karibu, nawe ntakufikia, tumalize kwanza na chalii.

Mleta uzi weka pembeni hio habari ya spidi. Prosesa ikikosa kazi keneli haiishii kuipunguza mwendo, inailaza. Na usingizi wenyewe una ngazi. C0 iko macho inafanya kazi. C1 imeacha tu kutekeleza maagizo, umeme bado unapita karibu kote. C3 inaenda chini zaidi, saa ya kiini (prosesa ina viini kadhaa, ndo vinavyofanya kazi) inazimwa na kache zake za karibu, yaani kumbukumbu ndogo za haraka, zinamwagwa. C6 ndo kwenyewe, kiini kinahifadhi hali yake pembeni alafu kinakatiwa umeme kabisa. Hizo i5 za laptopu za kizazi cha sita zinashuka mpaka C8, C9, C10, huko sio kiini tu, chipu nzima inazimwa kipande kwa kipande.

Kwahiyo kiini kilicho macho kwa megahezi 400 bado kinavujisha umeme na umeme uliovuja ni joto, wakati kiini kilichotoka kupiga gigahezi 3 kikamaliza kazi haraka kikazama C6 kinakula karibu na sifuri. Ndo maana umeshusha spidi mpaka chini kabisa na hujaona kitu. Alafu hio powersave kwenye intel_pstate, dreva inayopanga spidi, sio kama ya zamani, ni hali ya kawaida tu inapanda na kushuka kulingana na kazi, inawezekana ilikuwepo kabla hujaiweka.

Sasa nipe majibu ya hivi vitatu, usibadilishe kitu kwanza:

cat /sys/devices/system/cpu/cpuidle/current_driver
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle/state*/name
cat /proc/cmdline

ChaliiWaSakina
Mkuu majibu haya. Ya kwanza inasema intel_idle. Ya pili inatoa mistari miwili tu, POLL na C1. Ya tatu ni ndefu ila mwishoni kuna quiet splash intel_idle.max_cstate=1

FundiKeneli
Basi tumempata. Hio intel_idle.max_cstate=1 ndo inayosema "usilale zaidi ya C1". Mashine yako ilitakiwa ionyeshe orodha ndefu, C1, C1E, C3, C6 mpaka C10. Hapo ilipo inasinzia kwenye kiti usiku kucha, kitandani hairuhusiwi.

Na hio paramita haijatoka hewani. Miaka ile ya 2015, 2016 prosesa ndogo za Intel za Bay Trail, hizi Celeron N2840, J1900 na ndugu zake, zilikuwa zinaganda kabisa kwenye Linux zikiingia usingizi mzito, mpaka uzime kwa kubana kitufe. Dawa ya haraka iliyosambaa mtandaoni ikawa hio hio max_cstate=1, na ilisaidia kweli, watu wakaikariri wakawa wanaibandika kila mashine inayogandaganda hata isiyo Bay Trail. Yako ni Skylake, yaani hicho kizazi cha sita, haihusiki na ugonjwa ule. Inawezekana aliyekupigia Mint ana mistari yake ya siku zote anaiweka kwa kila mteja.

Fungua faili hii, ni ya grub, programu inayoiwasha keneli:

sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, futa hio paramita peke yake uache quiet splash, seivu, alafu sudo update-grub, zima uwashe. Kabla hujafuta piga picha mstari ulivyo. Na tumia mashine siku kadhaa, ikianza kuganda yenyewe ikiwa imekaa tu basi aliyeiweka alikuwa na sababu, irudishe tuangalie biosi (programu ya ubaoni inayoanza kabla ya Linux).

Mbishi_Ngarenaro
Sawa umempata lakini bado sijajibiwa. Joto la 58 linaua nini? Prosesa haifi kwa 58.

FundiKeneli
Haifi, upo sahihi kabisa hapo. Mimi sipozi kwa kuogopa kuungua, napoza kwa sababu joto la bure ni umeme wa bure. Mtu anayetumia inverta au sola, au umeme ukikatika amebaki na batri ya mtumba iliyochoka, tofauti ya wati tatu nne wakati mashine haina kazi anaiona kwenye masaa. Na feni inayovuma kutwa ndo inayonyonya vumbi, we unaijua barabara ya vumbi vizuri kuliko mimi.

Mbishi_Ngarenaro
Hapo kwenye batri nimekuelewa. Endelea.

ChaliiWaSakina
Aisee wakuu!! Nimefuta, nimezima nimewasha, orodha sasa inafika mpaka C10. Joto 47. Feni imezima kabisa mara ya kwanza tangu niinunue, nimedhani imeharibika nikaisogezea sikio. Ila naona mara inaruka 52, 53 alafu inarudi, bila mimi kugusa kitu. Kuna kingine?

kijana_UsaRiver
Weka gavana ya teo, hio menu ya zamani. Nimesoma teo ndo kisu.

FundiKeneli
Teo imeingia keneli 5.1 mwaka 2019, ni gavana ya usingizi sio ya spidi, kazi yake ni kukisia kiini kitalala muda gani ili ichague ngazi. Menu inafanya kazi hio hio kwa hesabu nyingine. Unaweza kujaribu kwa kuweka cpuidle.governor=teo kwenye grub, haina madhara, ila usitegemee digrii kumi. Kwa mashine kama hii ukiona tofauti hata ya digrii moja uje utuambie. Mimi siwezi kumshauri mtu aanzie hapo.

Chalii, swali lako la sasa ni nani anaiamsha. Ruhusa ya kulala imepatikana, lakini kama kuna mtu anagonga mlango mara mia tano kwa sekunde haifiki C8 hata siku moja. Zamani mgongaji mkubwa alikuwa keneli yenyewe, saa yake ilikuwa inapiga mara 100 au 250 au 1000 kila sekunde hata kama hakuna kazi yoyote, mpaka keneli 2.6.21 ya mwaka 2007 ndo wakaanza kuizima kiini kikikosa kazi. Intel wakatoa powertop mwaka huo huo na watu wakashangaa programu ngapi zilikuwa zinaamsha prosesa bila sababu ya maana.

sudo apt install powertop, chomoa chaja, washa sudo powertop uiache dakika mbili, angalia ukurasa wa kwanza nani yuko juu. Ukurasa wa Idle stats utakuonyesha kila kiini kinalala asilimia ngapi kwenye ngazi ipi.

Onyo, usipige powertop --auto-tune bila kufikiri. Inalaza na USB, mausi yako itakuwa inasinzia kila ukiiacha sekunde mbili, utakuja humu kufungua uzi mwingine.

ChaliiWaSakina
Nimeangalia. Cha kwanza kabisa ni ile applet ya joto niliyoweka kwenye paneli, chini yake ni watch na sensors, maana nilikuwa nimeacha watch -n 0.1 sensors kwenye terminali ili nione inavyoshuka.

Mbishi_Ngarenaro
😂😂😂 kwahiyo anapima joto na kipimo ndo kinachemsha

FundiKeneli
Msicheke, hii inawapata wengi. Kusoma joto la kila kiini keneli inabidi ikitume kiini chenyewe kikasome rejista yake, maana yake inakiamsha. Ukisoma mfululizo unaviamsha vyote tena na tena, ongeza applet inayochora grafu na paneli inayojichora upya. Funga vyote viwili, acha mashine robo saa, alafu soma mara moja tu. Hio ndo namba ya kweli.

Ukimaliza hapo tupime chipu nzima. Viini kulala C10 peke yake haitoshi, chipu haizami mpaka na vifaa vingine vikubali, diski, kadi ya waifai, vyote. Weka turbostat (kwenye Mint na Ubuntu iko ndani ya linux-tools ya keneli yako), endesha kwa sudo, angalia safu za Pkg%pc2, Pkg%pc3, Pkg%pc6, Pkg%pc8 (ngazi za usingizi za chipu nzima) na PkgWatt (wati inazokula).

ChaliiWaSakina
Bila applet wala watch inasoma 45. Turbostat: pc2 ina asilimia 80 na kitu, pc6 na pc8 ni sifuri tupu. PkgWatt 1.9

FundiKeneli
Imekwama pc2, kuna kifaa kinaishikilia. Diski yako ni ya SATA? Soma:

cat /sys/class/scsi_host/host*/link_power_management_policy

ChaliiWaSakina
SSD ya SATA ndio. Zote zinasema max_performance.

FundiKeneli
Ndo hio. Laini ya diski haipumziki kwahiyo chipu nayo inabaki imeshika mlango. Jaribu:

echo med_power_with_dipm | sudo tee /sys/class/scsi_host/host*/link_power_management_policy

Hii inakaa mpaka uzime tu, ikikupendeza tutaiweka idumu. Usiweke min_power hata ukiona mtu kaisifia, kuna diski zinapoteza data nayo, hapo sitanii. Na kwa wenye diski za NVMe hio njia haiwahusu, kwao ni ASPM, yaani kupumzisha laini ya PCIe, angalia /sys/module/pcie_aspm/parameters/policy, kama iko default jaribu powersave. pcie_aspm=force msiiguse kama hamjui biosi ilizima kwa nini.

ChaliiWaSakina
pc8 imefika asilimia 70. PkgWatt 0.8. Joto 41!!! Chumba bado 19. Sina la kusema mkuu, nikikuona mjini nyama choma juu yangu.

DadaWaMbuyuni
Hongereni jamani, sasa na mimi. Windows 10, kompyuta za mezani. Ile moja inayochemka sana Task Manager inasema CPU asilimia 100 lakini nikishuka kwenye orodha ya programu hakuna inayotumia hata asilimia tano. Nimepiga antivirusi haikukuta kitu. Kuna kijana alikuwa ananisaidia kazi mwaka jana alikuwa anachezea gemu usiku akaweka kitu cha kuongeza spidi.

FundiKeneli
Dada hio nakwambia hata bila kuiona. Hizo programu za kuboresha gemu zinaweka mpango wa umeme wa kwao na ndani yake wanazima usingizi wa prosesa kabisa, eti ili kuamka kusichelewe. Windows ikiambiwa isilaze prosesa, ule muda wa kukaa bure nao unahesabika ni kazi, ndo maana unaona 100 bila mwenye nayo. Sio virusi.

Fungua Command Prompt kama administreta, andika huu mstari:

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor IDLEDISABLE 0

alafu

powercfg /setactive scheme_current

Ukiweza rudi kabisa kwenye mpango wa Balanced, na kwenye mipangilio ya prosesa ya huo mpango hakikisha kiwango cha chini ni 5 sio 100. Alafu piga powercfg /energy uache kompyuta bila kuigusa, inafanya uchunguzi wa sekunde 60 na kukutengenezea faili la energy-report.html, fungua kwa brauza. Soma sehemu ya timer resolution. Windows kwa kawaida inapiga saa kila milisekunde 15.6, programu ikidai milisekunde 1 utaiona imeandikwa jina lake hapo.

Meku_Rau
Wakuu na sisi wa AMD mtukumbuke. Ryzen 7 1700X, Ubuntu, haina kazi inasoma 60. Nimenunua kupoza kwa maji na bado.

kijana_UsaRiver
Meku umenunua kupoza kwa maji wakati theluji ya Kibo unaiona dirishani?

FundiKeneli
Meku 1700X na 1800X zina jambo lao. Zile zinatoa namba inayoitwa Tctl, hio ni ya kuongozea feni, na AMD kwa makusudi waliipandisha digrii 20 juu ya joto halisi ili feni za familia nzima ziende sawa. Soma Tdie kwenye sensors, ndo joto halisi. Kama Tctl ni 60 basi chipu yako iko 40, ulikuwa unapigana na kivuli.

Ila hapo hapo nikupe tahadhari, Ryzen za kwanza kwenye Linux nyingine zilikuwa zinaganda zikikaa bure, kwahiyo ukikuta kwenye grub yako kuna processor.max_cstate=5 au idle=nomwait usikimbilie kufuta kama alivyofanya chalii. Kwanza ingia biosi tafuta Power Supply Idle Control, weka Typical Current Idle, alafu ndo ujaribu kufuta. Ukikuta idle=poll futa bila kuniuliza, hio inaikataza prosesa kulala hata C1, inazunguka bure tu.

Na kwa wenye Ryzen mpya, kuanzia Zen 2 kwenda juu, dreva ya spidi ya amd_pstate ipo tangu keneli 5.17, na hali ya active imekuja 6.3. Ukiwa kwenye active unaiambia unachotaka:

echo balance_power | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/energy_performance_preference

Ikikujibu Device or resource busy ujue gavana iko performance, ibadilishe iwe powersave kwanza. Kule kuruka ruka kwa joto 38 mpaka 52 ambako watu wa Ryzen za mezani wanalalamika ni viini vinavyopiga turbo kwa kazi ya milisekunde chache alafu vinarudi kulala, hii inawatuliza kidogo.

Meku_Rau
Tdie 40. Hela yangu ya maji imeenda hivyo.

DadaWaMbuyuni
Asante sana mkuu, imekubali! CPU imerudi asilimia 2, joto limetoka 71 limefika 52. Ila mbona chalii wa Arusha anapata 41 hata 45, mimi nimeishia 52? Pesti labda?

FundiKeneli
Ofisini kwako sasa hivi kuna joto gani?

DadaWaMbuyuni
Bati zimewaka, kipimajoto 31.

FundiKeneli
Sasa toa. 52 toa 31 ni 21. Chalii 41 toa 19 ni 22. Yako inapoza vizuri kuliko yake, japo nawe ni ya mezani ina feni kubwa. Prosesa haiwezi kushuka chini ya hewa inayoipuliza, kwahiyo namba ya peke yake bila joto la chumba haina maana, na ndo maana mtu wa Moshi asijilinganishe na mtu wa Arusha. Tena huku juu, mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi, feni ile ile inasukuma hewa pungufu kuliko ikiwa Moshi au Tanga. Baridi inatuficha tu.

mzee_wa_batri
Nimefuata yote, max_cstate haipo, powertop haionyeshi programu yoyote, lakini kuna kworker inakula kiini kimoja asilimia 70 muda wote. Haifi, ukiiua inarudi.

FundiKeneli
Mzee wangu shikamoo. Kworker ni mfanyakazi wa ndani wa keneli, na hapo inavyoonekana intarapti (kengele ya kuita prosesa) ya ACPI, ile njia ya biosi na keneli kuongea habari za umeme, imechizi. Andika:

grep . /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe* | grep -v " 0 "

Kuna mmoja utakuta namba yake ni mamilioni na ukirudia amri inazidi kupanda. Tuseme ni gpe6F, unaizima hivi:

echo disable | sudo tee /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe6F

Kama kworker imetulia, weka acpi_mask_gpe=0x6F kwenye grub ili idumu. Alafu jaribu kufunga kifuniko, vitufe vya mwanga, na kuchomoa chaja, kwa sababu hio intarapti inaweza ikawa ndo ilikuwa inabeba taarifa ya kimojawapo. Ukiona kimekufa chagua wewe kipi bora.

mzee_wa_batri
Marahaba. Ilikuwa gpe13. Imetulia, kifuniko kinafanya kazi, mwanga unafanya kazi.

kijana_UsaRiver
Na kushusha volteji je? Naona wengi wanasifia.

FundiKeneli
Inasaidia mashine ikiwa na kazi. Ikiwa C8 viini havina volteji ya kushusha. Na mashine nyingi za Intel zimefungiwa hio kwenye biosi baada ya ule upenyo wa usalama wa Plundervolt wa Desemba 2019.

Mbishi_Ngarenaro
Haya, na mimi nimeangalia yangu kimya kimya. Ina hio max_cstate=1 😐 Ila natumia Fedora, update-grub inasema haipo.

FundiKeneli
sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args="intel_idle.max_cstate=1"

Angalia na /etc/default/grub kama imeandikwa humo, ifute, isije ikarudi. Zima uwashe.

Mbishi_Ngarenaro
Ilikuwa 56, sasa 43. Sisemi kitu.